Tumbo la Mtoto na Funzo la Mwaka 1958

Mnamo mwaka 1958 zilichapishwa huko Uingereza makala tatu za kitabibu ambazo waandishi wake hawakuwa wameshauriana. Ya kwanza ilitoka kwa daktari mpasuaji wa Kampala, ya pili kwa watafiti wa Oxford, na ya tatu kwa daktari wa magonjwa ya wanawake wa Glasgow pamoja na wenzake. Ya kwanza ilieleza ugonjwa, ya pili ilitoa onyo, na ya tatu ilionyesha njia. Imepita zaidi ya miaka 60 tangu wakati huo. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za wilaya mambo hayo matatu bado hayajakutanishwa, na anayelipa gharama ya kuchelewa huko ni mtoto mdogo, ambaye pengine hawezi hata kueleza anaumwa wapi.

UGONJWA

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa kiume aliyekuwa amevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Jipu au jeraha halivimbishi taya kwa namna hiyo. Haukupita muda mrefu, Burkitt akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni. Baadaye alizipekua kumbukumbu za wagonjwa na za maiti zilizochunguzwa, akatambua kwamba watoto waliovimba taya aghalabu walikuwa pia na vivimbe katika figo, ini, ovari, au tezi zinazokaa juu ya figo. Yaliyokuwa yakiandikwa kama magonjwa mbalimbali, kila moja kwa jina lake, yalikuwa ugonjwa mmoja. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1958, na leo ugonjwa huo hujulikana ulimwenguni kote kwa jina la limfoma ya Burkitt.

Burkitt alisaidiwa na jambo moja: uso. Taya iliyovimba haifichiki, na ndiyo iliyomwongoza kulitazama tumbo. Lakini vivimbe vingi vya watoto havina alama usoni. Uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo iliyopewa jina la Max Wilms, mpasuaji wa Kijerumani aliyeieleza mwaka 1899, huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Na mara nyingi mtoto huyo hucheza na kula kama wenzake. Aghalabu mtu wa kwanza kuugundua ni mama anayemwogesha mtoto, au bibi anayemvisha nguo, ambaye mkono wake hugusa kitu kigumu ubavuni mwa tumbo.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Katika sehemu zenye malaria, uvimbe ulio upande wa kushoto hudhaniwa kuwa ni bandama. Kandokando ya Ziwa Viktoria na katika pwani kuna kichocho, ambacho kwa kadiri ya aina yake huvimbisha ini na bandama, au huziba mirija ya mkojo hata figo zikajaa maji. Kuna minyoo, kuna utapiamlo, kuna kifua kikuu cha tumbo. Kila mojawapo ya dhana hizo ni ya busara, kwa maana magonjwa hayo ni mengi kuliko saratani. Basi mtoto hupewa dawa ya malaria, kisha dawa ya minyoo, kisha mama huambiwa arudi baada ya wiki 2. Wakati huohuo, ikiwa ugonjwa ni limfoma ya Burkitt, ambayo ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua upesi kuliko zote, seli zake zaweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku 1 hadi 2.

Jambo linalotia uchungu ni kwamba saratani hizi mbili ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri. Limfoma ya Burkitt hutibiwa hasa kwa dawa. Uvimbe wa Wilms hutibiwa kwa dawa na upasuaji, na pengine kwa mionzi. Katika nchi zenye huduma kamili watoto wapatao 9 katika kila 10 hupona. Shirika la Afya Duniani, lilipoanzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ulimwenguni wawe wanapona. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na Shirika hilo ni ugonjwa kutotambuliwa, au kutambuliwa wakati umekwisha kuenea.

ONYO

Makala ya pili ya mwaka 1958 ilihusu mionzi. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, na kwa muda wa miaka 60 iliyofuata watu waliitumia bila hofu nyingi. Wanawake wajawazito walipigwa picha za tumbo ili kuona jinsi mtoto alivyolala. Daktari Alice Stewart wa Oxford na wenzake waliwauliza maelfu ya akina mama, wale waliofiwa na watoto kwa saratani na wale ambao watoto wao walikuwa hai. Waligundua kwamba mimba zilizopigwa eksirei zilionekana kwa wingi zaidi miongoni mwa watoto waliokufa. Hatari yao ilikuwa kama mara mbili ya ile ya watoto wengine. Wataalamu wengi walilibishia jambo hilo kwa miaka mingi, lakini mwishowe desturi ile iliachwa.

Onyo hilo halijazeeka. Mtambo wa CT, ambao huzungusha eksirei kumzunguka mgonjwa na kutumia kompyuta kuunda picha ya mwili kipande kwa kipande, ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa karne ya 20. Godfrey Hounsfield aliutengeneza huko Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo London mwaka 1971. Hesabu za msingi zilikuwa zimekwisha fanywa na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi kwa muda katika hospitali moja ya Cape Town. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Pamoja na sifa zake zote, mtambo huo hutumia mionzi mingi: mionzi ya picha moja ya tumbo yaweza kuzidi ile ya picha ya kawaida ya kifua zaidi ya mara 100.

Mtoto ndiye anayepaswa kulindwa zaidi, kwa sababu seli zake zinagawanyika upesi na ana miaka mingi mbele yake ambamo madhara yaweza kujitokeza. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za vijana zaidi ya 175,000 waliopigwa picha za CT nchini Uingereza. Ilikadiriwa kwamba, kwa kila picha 10,000 za kichwa zinazopigwa kwa watoto wa chini ya miaka 10, huenda akaongezeka mgonjwa 1 wa saratani ya damu na 1 wa uvimbe wa ubongo katika miaka 10 inayofuata. Hatari hiyo ni ndogo, na haifai kumzuia mtoto anayehitaji picha hiyo kweli. Lakini ni ya kutosha kuweka kanuni: pasitumike mionzi mahali ambapo swali laweza kujibiwa bila mionzi.

NJIA

Makala ya tatu ilionyesha kwamba swali laweza kujibiwa bila mionzi. Ian Donald wa Glasgow alikuwa amejifunza kwamba mafundi wa viwandani hutumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1955 alichukua vivimbe vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa, akavipeleka kwenye kiwanda kimoja cha boila karibu na mji huo ili avipime kwa chombo cha mafundi. Akaona kwamba uvimbe wenye maji na uvimbe wa nyama hurudisha mwangwi tofauti. Makala aliyoichapisha mwaka 1958 pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown ilihusu hasa uchunguzi wa vivimbe vya tumbo. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mwanamke aliyekwisha kudhaniwa kuwa na saratani isiyotibika. Mwangwi ulionyesha mfuko mkubwa wa maji, akapasuliwa, mfuko ukatolewa, naye akapona.

Kanuni ya chombo hicho, kinachoitwa ultrasaundi, yaweza kueleweka na mwanafunzi yeyote aliyewahi kupiga ukelele mbele ya mlima akasikia sauti yake ikirudi. Sikio la binadamu husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Ultrasaundi ya hospitali hutumia mitetemo milioni 2 hadi milioni 15 kwa sekunde. Mitetemo hiyo hutolewa na kipande cha kauri ambacho hutikisika kinapopitishiwa umeme, na ambacho kikitikiswa hutoa umeme. Tabia hiyo iligunduliwa katika fuwele na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kwa hiyo kipande hichohicho ni mdomo na ni sikio.

Katika nyama laini ya mwili sauti husafiri takriban meta 1,540 kwa sekunde. Ikiwa figo iko sentimita 8 chini ya ngozi, sauti husafiri sentimita 16 kwenda na kurudi, na mwangwi hufika baada ya sehemu kama 104 za milioni za sekunde. Chombo hupima muda huo, hukokotoa umbali, na kuweka nukta mahali pake kwenye kioo. Nukta nyingi zikikusanyika huwa picha, na picha nyingi kwa sekunde huonyesha viungo vikitembea. Mitetemo ikiwa milioni 5 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni kama milimeta 0.3, na hiyo ndiyo sababu vitu vidogo sana vyaweza kutofautishwa. Tena mtoto ana faida juu ya mtu mzima: tumbo lake ni jembamba na mafuta yake ni machache, hivyo sauti haina safari ndefu.

Mkono uliozoea ukikishika chombo hicho, maswali makuu hujibiwa katika dakika chache. Uvimbe umetoka katika kiungo gani: bandama, ini au figo? Ni nyama au ni maji? Una ukubwa gani kwa sentimita? Na hali ya figo ya pili, ini na mishipa mikubwa ya damu ikoje? Uvimbe wa Wilms, kwa mfano, hukua ndani ya figo yenyewe, na sehemu ya figo iliyobaki huukumbatia kama gando la kaa. Mara nyingine huingia katika mshipa mkubwa wa damu uendao moyoni, jambo ambalo mpasuaji hana budi kulijua mapema. Chombo hichohicho huonyesha figo zilizojaa maji kwa sababu ya kichocho, kuta za kibofu zilizonenepa, na ini lenye makovu. Kwa hiyo hakinunuliwi kwa ajili ya saratani peke yake. Kila siku ya kazi kina mgonjwa wa kukihitaji.

PICHA YA KWANZA IWE KARIBU

Kutokana na hayo msimamo mmoja unajengeka wenyewe. Mtoto mwenye uvimbe wa tumbo apigwe picha ya ultrasaundi katika hospitali ya wilaya, siku ileile anapofika, kabla ya dawa za kubahatisha na kabla ya safari ya mbali. Serikali na wafadhili wanapogawa fedha za vifaa, hatua hiyo itangulie. Mtambo mkubwa katika mji mkuu ni wa lazima, lakini ni hatua ya pili, na wala hauwezi kuziba pengo la hatua ya kwanza.

Wapo wanaofikiri kinyume, nao wana hoja za kusikilizwa. Husema kwamba ultrasaundi hutegemea mno mkono wa mtumiaji. Kwamba haipiti katika mfupa wala katika hewa ya matumbo. Na kwamba picha yake haiwezi kutaja jina la uvimbe. Yote hayo ni kweli. Uvimbe wa ubongo wa mtoto aliyekwisha kufunga utosi hauonekani kwa sauti, bali kwa CT au MRI. Mapafu yanahitaji eksirei. Jina la uvimbe hutolewa na mtaalamu wa maabara anayeangalia kipande chake kwa hadubini. Hata hivyo uzito wa picha haupungui kwa sababu hiyo. Katika taratibu za SIOP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa saratani za watoto, ambazo hufuatwa Ulaya na kwingineko, mtoto mwenye umri na dalili za kawaida za uvimbe wa Wilms huweza kuanzishiwa dawa kwa kutegemea picha, kabla ya kupasuliwa. Ilhali katika Amerika ya Kaskazini aghalabu huanza upasuaji. Pande zote mbili hutegemea picha iliyo sahihi.

Hoja ya mkono wa mtumiaji ndiyo nzito kuliko zote, lakini inaelekeza kwenye mafunzo, si kwenye kuacha. Katika hospitali nyingi ultrasaundi imezoeleka kama chombo cha wajawazito tu. Anayekitumia anajua kupima kichwa cha mtoto aliye tumboni mwa mama, lakini pengine hajapata kufundishwa kulichunguza tumbo la mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Chombo kipo, umeme upo, mgonjwa yupo. Kinachokosekana ni maarifa. Kumfundisha mteknolojia wa mionzi au tabibu mmoja kwa miezi kadhaa, chini ya uangalizi wa bingwa, ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mtambo wa CT, ambao huhitaji jengo, umeme usiokatika na fundi wa kuuhudumia kila mwaka. Siku hizi tena kuna vyombo vidogo vinavyounganishwa na simu, na picha zaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali ili atoe maoni yake. Lakini simu haimfanyi mtu kuwa mjuzi. Picha iliyosomwa vibaya ina hatari yake: humpa mama faraja ya uongo, naye harudi tena.

Kuna jambo la pili ambalo halipasi kusahauliwa. Picha isiyofuatwa na safari haina faida. Ripoti iandikwe kwa maneno yanayoeleweka, yenye vipimo kwa sentimita, na ionyeshe mtoto apelekwe wapi na lini. Hospitali ya rufaa iarifiwe kabla mgonjwa hajafika. Wazazi waambiwe waziwazi kwamba uvimbe haupaswi kukandwa, kuchuliwa wala kuchanjwa, kwa kuwa uvimbe wa figo waweza kupasuka na kumwaga seli zake tumboni. Waambiwe pia kwamba ugonjwa huu una tiba, maana wengi huvunjika moyo wakisikia neno saratani, wakamrudisha mtoto nyumbani. Wahenga walisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hapa methali hiyo yaweza kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa.

KAZI YA SHULE

Yaweza kuulizwa haya yanaihusuje shule ya sekondari. Yanaihusu kwa njia mbili. Kwanza, wateknolojia, matabibu, wauguzi na mafundi watakaovishika vyombo hivi miaka 10 ijayo wamekaa katika madarasa ya leo. Somo la mawimbi hufundishwa mara nyingi kwa kamba na beseni la maji, kisha wanafunzi hukariri mlinganyo wa mwendo, marudio na urefu wa wimbi kwa ajili ya mtihani. Mwalimu anayewapa wanafunzi wake swali la figo iliyo sentimita 8 chini ya ngozi huwapa mlinganyo uleule, lakini huwapa na sababu ya kuujua. Wanafunzi waweza kupima mwangwi wa makofi mbele ya ukuta mrefu wa shule, wakasimama meta 50 au zaidi kutoka ukutani, na kuutumia muda huo kukokotoa umbali. Atakayefanya hivyo ameshika kanuni yote ya chombo cha Donald.

Pili, mwanafunzi ni kaka au dada wa mtoto mdogo nyumbani. Yeye ndiye anayembeba, anayemwogesha, anayecheza naye. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba tumbo gumu la upande mmoja si jambo la kungojea, wala la kukanda, aweza kumshauri mama kwa adabu kwamba waende hospitali leo, na kwamba huko waulizie picha isiyo na mionzi. Burkitt alilitambua jibu lake kwa sababu hakuishia usoni. Alishuka hadi tumboni. Wataalamu wa leo wamepewa njia ya kuliona tumbo lenyewe bila kisu na bila mionzi. Kilichobaki ni kuifikisha njia hiyo mahali mtoto alipo, na kumweka hapo mtu anayejua kutazama.